Sura ya Sita: Kichupa cha Pili

Wahenga walituachia neno kwamba akiba haiozi. Kwa mahindi yaliyokauka vizuri, au shilingi zilizofungwa kwenye pindo la kitenge, neno hilo lina ukweli wake. Insulini huoza. Ni protini, na kama protini nyingine huharibiwa na joto, na jua, na baridi ya kugandisha, hata na kutikiswa kupita kiasi. Mzazi wa mtoto mwenye kisukari amepewa kazi ambayo wahenga hawakuiwazia: kuweka akiba ya kitu kinachoharibika, mbali na hospitali, katika nyumba isiyo na friji. Nimechagua kuieleza kazi hiyo kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kwa sababu anayeiweza pale ataiweza popote Afrika Mashariki.

Kishike kwanza kichupa chenyewe. Ni cha kioo, kirefu kama kidole gumba cha mtu mzima, kimezibwa kwa mpira uliobanwa na ukanda wa bati laini. Ndani mna mililita 10, na kila mililita ina yuniti 100, kwa hiyo kichupa kizima kina yuniti 1,000. Ile insulini ya mchanganyiko, ambayo watoto wengi wa Uganda hudungwa asubuhi na jioni, ni nyeupe kama maji yaliyooshewa mchele. Ikitulia hujitenga, unga chini na maji juu. Mama hukiviringisha kichupa kati ya viganja vyake polepole, mara kumi, mara ishirini, mpaka weupe urudi kuwa mmoja. Kisha hukiinua kwenye mwanga wa mlangoni akakitazama. Akiona mabonge yanaelea, au chembe nyeupe zimeganda kwenye kioo kama umande wa alfajiri, dawa hiyo imekufa. Insulini ya haraka ni tofauti: hiyo inatakiwa iwe angavu kama maji ya mvua, na ikiingia ukungu nayo imekufa. Ziko pia zinazopungua nguvu bila kuonyesha dalili yoyote kwa macho, na za namna hiyo hugunduliwa na mashine ya kupimia sukari peke yake.

Sasa itazame Nakivale. Iko wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na wakazi wake wa mwanzo walikuwa Watutsi waliokimbia Rwanda, hivyo ni mojawapo ya makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani. Leo wanaishi humo zaidi ya watu 150,000: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Imegawanywa katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo, na majina ya vijiji yanakuambia watu walikotoka: New Congo, Kigali, Little Mogadishu. Kiswahili ndicho wanachouziana nyanya na kusuluhishana ugomvi, na ndicho mama wa Kivu anachomwelezea muuguzi Mnyankole kilichompata mtoto wake usiku.

Vituo vya afya vipo ndani ya makazi, vikiendeshwa na serikali pamoja na mashirika kama Medical Teams International na UNHCR. Vinatibu malaria, vinazalisha akina mama, vinachanja watoto. Kisukari cha mtoto ni jambo jingine. Mara nyingi insulini huanza kupatikana kwenye kituo cha ngazi ya nne au hospitali, na mtoto anayeihitaji kila siku hatimaye huelekezwa Mbarara, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambako pia ndiko wanakofundishwa madaktari wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Ni kilomita kati ya 50 na 60, kutegemea unaanzia kijiji gani. Boda kwanza, kisha teksi inayosubiri ijae, kisha vumbi, kisha lami. Mama anaondoka gizani akiwa na daftari la shule lililopigwa mihuri ya kliniki, mtoto amelala begani. Akirudi jioni, kichupa kiko kwenye mkoba pamoja na mkate.

Kichupa kimoja. Hapo ndipo ilipo shida yote ya sura hii.

Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza ana kongosho lisilotengeneza insulini kabisa, au linalotengeneza kidogo mno. Chakula anakula, sukari inaingia kwenye damu, lakini haina mlango wa kuingilia kwenye misuli na viungo. Mwili unaona njaa katikati ya shibe. Unageukia mafuta yake wenyewe na kuyaunguza, na moshi wa moto huo ni asidi zinazoitwa ketoni. Mtoto anakunywa maji bila kukoma, anakojoa kitandani ilhali alishaacha zamani, anatapika, tumbo linamuuma. Pumzi yake inakuwa nzito na ya haraka kama ya mtu aliyekimbia, na kinywani hutoka harufu tamu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Kwa mtoto ambaye tayari yuko kwenye sindano, siku moja au mbili bila insulini zinatosha kumfikisha hapo, na akiwa na homa ni upesi zaidi.

Katika ukanda wetu mtoto anayetapika huku akipumua kwa nguvu huhesabiwa kuwa ana malaria. Ni dhana inayoeleweka, kwa kuwa mara nyingi kweli anayo. Lakini kipimo cha malaria kikionyesha vimelea hakijafuta kisukari. Mtoto anaweza kuwa na vyote viwili asubuhi hiyohiyo, na ile malaria ndiyo inayoisukuma sukari juu. Tone la damu kwenye mashine ya sukari huchukua sekunde chache tu. Namsihi kila muuguzi anayesoma hapa asimtundikie dripu mtoto anayepumua hivyo kabla ya kupima tone hilo.

Kabla ya mwaka 1922 hapakuwa na la kufanya. Tarehe 11 Januari ya mwaka huo, mjini Toronto nchini Kanada, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa insulini ya kwanza. Ilikuwa na uchafu mwingi, ikamdhuru. Wakaisafisha, wakamdunga tena siku kumi na mbili baadaye, na sukari yake ikashuka. Mwaka uliofuata wagunduzi waliuza hataza yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja, ili dawa isije ikawa mali ya wachache. Miaka mia na zaidi imepita. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti uliokadiria kwamba katika vijiji vya Msumbiji mtoto anayegunduliwa na kisukari hiki angeishi chini ya mwaka mmoja. Dawa ilikuwepo duniani. Ilichokosa ni njia ya kumfikia, na njia hiyo hukatika mahali pamoja au pengine kila msimu.

Kuna hadithi ya kweli ambayo ningependa kila mzazi wa Nakivale aijue, maana mhusika wake alikuwa mkimbizi. Eva Saxl na mumewe Victor waliikimbia Ulaya ya Wanazi wakaishia Shanghai, Uchina. Huko Eva akapatikana na kisukari. Japani ilipouteka mji wote baada ya Desemba 1941, maduka ya dawa yalifungwa na insulini ikaadimika hata ya magendo. Wawili hao hawakuwa madaktari wala wakemia. Walipata kitabu cha tiba kilichoeleza jinsi insulini ya kwanza ilivyotengenezwa, wakaazimwa maabara, wakanunua makongosho ya nyati wa majini, wakaanza kuchemsha na kuchuja. Waliijaribu kwa sungura kwanza. Eva alijidunga, akaishi, na wagonjwa wengine wengi wa mji ule wakaokolewa kwa dawa hiyo ya rangi ya kahawia. Aliishi hadi uzeeni. Simwambii mtu yeyote ajaribu kazi hiyo nyumbani. Nimeieleza ili ionekane jinsi mtu aliyetengwa na duka la dawa kwa vita anavyokuwa hana kitu, na jinsi pengo la miezi michache linavyotaka ujasiri ambao si haki kumdai mama yeyote.

Vita si sharti ili njia ikatike. Machi 2020 Uganda ilifunga usafiri wa umma kwa sababu ya korona. Ilikuwa tarehe 25, na siku chache baadaye magari binafsi nayo yakazuiwa. Boda ziliruhusiwa kubeba mizigo, abiria hapana. Aliyetaka kumpeleka mgonjwa hospitali alipaswa kwanza apate ruhusa ya mkuu wa wilaya, yule wanayemwita RDC. Amri ya kutotoka nje ilianza saa moja jioni. Jiulize mama wa Rubondo, ambaye kichupa chake kimebakiza siku nne, angeanzia wapi. Mwezi Juni teksi ziliporuhusiwa tena, wilaya za mpakani ziliachwa zisubiri zaidi, na Isingiro inapakana na Tanzania. Mwezi Aprili mwaka huohuo Shirika la Chakula Duniani lilikuwa limepunguza mgao wa wakimbizi nchini kwa asilimia 30, na Februari 2021 likaupunguza tena hadi asilimia 60 ya mgao kamili.

Miaka mitatu baada ya usafiri kufungwa haikuwa korona bali maji. Mei 2023 mto Katonga ulifurika ukaharibu daraja la barabara kuu ya Kampala kwenda Masaka, na hiyo ndiyo barabara ya Mbarara. Mabasi na malori yalizungushwa mbali, kupitia Mpigi, Kanoni na Sembabule. Bohari Kuu ya Dawa ya taifa hupeleka dawa kwenye vituo vya serikali kwa mizunguko ya miezi miwili, na mzunguko ukichelewa, rafu tupu haimngoji mtu. Nimetaja matukio mawili makubwa tu. Madogo kila familia inayo yake: teksi imeharibika, mama amejifungua, mvua imeikata barabara, paka amekiangusha kichupa kwenye sakafu ya saruji.

Basi tupige hesabu ya akiba, polepole, kwa sababu hapa ndipo wazazi wengi huachwa peke yao.

Mchukue mtoto wa miaka saba, kilo 20. Tuseme kliniki imempangia yuniti 16 kwa siku, 10 asubuhi na 6 jioni. Kwa siku 28 atatumia yuniti 448. Kichupa kina 1,000. Siku ya 28 mama anatazama chupa ambayo bado ina zaidi ya nusu, na amefundishwa kwamba kichupa kilichofunguliwa kitupwe baada ya wiki nne. Ana mawazo mawili ya hatari. La kwanza ni kuendelea nacho mpaka tone la mwisho, mwezi wa pili na zaidi, wakati nguvu imeshaanza kupungua bila yeye kujua. La pili ni kukitupa kwa utiifu leo, akiwa hana kingine, kisha safari ya Mbarara ikakwama.

Kliniki ifundishe jibu la tatu. Kichupa kipya kinapofunguliwa, kile cha zamani kisitupwe siku hiyohiyo. Kipigwe alama kubwa ya kalamu ya wino, tarehe kilipofunguliwa, na kikae pembeni kama cha dharura mpaka akiba halisi iwepo. Insulini iliyopita wiki nne, ikitunzwa vizuri, ni bora mara nyingi kuliko siku moja bila insulini. Anayelazimika kuitumia apime sukari mara nyingi zaidi, na ikikataa kushuka aende kituoni bila kungoja kesho. Hiyo ni akiba ya maskini, nami naitetea kwa moyo wote. Akiba halisi ni kichupa cha pili ambacho hakijafunguliwa.

Kichupa hicho cha pili kina kanuni moja: kisikae. Mama akirudi na kipya kutoka Mbarara, kile kilichokuwa akiba ndicho kinachofunguliwa, na kipya kinashika nafasi ya akiba. Kila mwezi hivyohivyo. Wauza maziwa wa Mbarara wanaijua kanuni hii bila kufundishwa. Ankole ni nchi ya maziwa, magari ya baridi yanatoka huko kila siku kwenda Kampala, na hakuna anayeyauza ya leo akayaacha ya jana kwenye tangi.

Hesabu hubadilika mtoto anapokua. Binti wa miaka 13 mwenye kilo 45 anaweza kuhitaji yuniti 54 kwa siku, maana umri wa kubalehe huifanya insulini ifanye kazi kwa shida. Kichupa chake kinakwisha siku ya 18. Vichupa viwili vya mwezi, ambavyo kwa mdogo wake vilikuwa kimoja cha kazi na kimoja cha akiba, kwake ni vya kazi vyote na hakuna kizima kilichobaki. Daftari lionyeshe yuniti za siku, na anayetoa dawa ahesabu mbele ya mama: siku ngapi, na zimebaki ngapi juu yake. Sijui sababu nzuri ya kutofanya hivyo, inachukua dakika moja.

Kinachofuata ni joto. Kwa miaka mingi wazazi waliambiwa kwamba bila friji hakuna insulini, na wapo watoto waliolazwa hospitalini wiki baada ya wiki, au walitembezwa kituoni mara mbili kwa siku, kwa sababu hiyo tu. Jibu lilitoka kwenye kambi ya wakimbizi kama Nakivale, nchini Kenya. Huko Dagahaley, moja ya kambi za Dadaab, joto la nyumbani hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 usiku na nyuzi 37 mchana. Madaktari Wasio na Mipaka wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva waliiweka insulini katika joto hilohilo la kupanda na kushuka kwa wiki nne, wakaipima. Matokeo yalichapishwa Februari 2021: nguvu ya dawa ilibaki karibu ileile na ya friji. Mwaka 2023 wataalamu wa Cochrane walikusanya ushahidi uliopo na kuhitimisha kwamba insulini za kawaida za binadamu ambazo hazijafunguliwa zinaweza kukaa hadi miezi sita kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na hadi miezi miwili kwenye nyuzi 37, bila kupoteza nguvu kiasi cha kumdhuru mgonjwa.

Nakivale si Dadaab. Iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na usiku watu hujifunika blanketi. Adui yake ni paa. Chini ya mabati au turubai, saa nane mchana mwezi wa Julai, chumba huwa tanuri ilhali kivulini nje kuna upepo. Kwa hiyo mtungi.

Chukua vyungu viwili vya udongo visivyopakwa rangi, kimoja kiingie ndani ya kingine na nafasi ya vidole viwili ibaki katikati. Jaza mchanga kwenye nafasi hiyo na uumwagilie maji. Kichupa kitie kwenye kopo dogo kavu lenye mfuniko, lebo isilowane ikasomeka vibaya, kisha kopo liingie chungu cha ndani. Funika juu kwa kitambaa kibichi. Weka mahali penye kivuli na upepo, juu ya matofali ili kisikae sakafuni, mbali na mafiga na mbali na mikono ya watoto wadogo. Mwagilia mchanga asubuhi na jioni, saa zilezile za sindano, usisahau. Maji yanapopenya kwenye udongo na kuondoka kama mvuke huchukua joto pamoja nayo, jambo ambalo kila bibi aliyewahi kuweka mtungi wa maji ya kunywa pembeni mwa nyumba analijua. Mwaka 2016 jarida la Diabetic Medicine lilichapisha utafiti uliopima vyungu na njia nyingine za namna hii katika nchi za joto, na vyungu vilifanya vizuri. Hupoza sana kiangazi, wakati hewa ni kavu na joto ni kali, yaani wakati hasa unapovihitaji. Siku za mvua havipozi sana, lakini siku hizo jua nalo si kali.

Usifunge kichupa kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, ukakizika ardhini. Wapo wanaofanya hivyo. Maji hupenya, lebo hutoka, mchwa na mvua humaliza kazi.

Friji, palipo nayo, ni bora kwa kile kichupa cha pili, lakini ina hatari ambayo chungu hakina: kugandisha. Insulini iliyoganda kisha ikayeyuka haifai tena, hata ikionekana salama. Friji za soda madukani mara nyingi huwekwa baridi kali ili soda itoke na umande. Kichupa kisiguse ukuta wa nyuma wala kisipelekwe kwenye barafu. Friji ya chanjo ya kituo cha afya ina joto sahihi kabisa, kati ya nyuzi 2 na 8, ila imewekewa masharti yake na wauguzi wengi hawaruhusiwi kuchanganya. Kuomba si kosa. Ukikataliwa, tafuta duka.

Sola za nyumbani hapa huwasha taa na kuchaji simu tu. Mwenye friji ni mwenye duka, na katika Nakivale mwenye duka huenda ni Msomali, na mama huenda ni Mkongo. Mazungumzo yao ni mafupi:

"Mwanangu, nina dawa ya mtoto wangu. Naomba nafasi ya kidole ndani ya friji yako."

"Hakuna shida, mama. Nitaiweka juu na nyama?"

"La, juu itaganda, itakufa. Iweke hapa mlangoni, ndani ya kopo hili. Nimeandika jina. Umeme ukikatika siku nzima unitumie mtoto aniite."

"Na usiku ukiihitaji?"

"Nitabisha. Nisamehe mapema."

Nimeyaandika kwa sababu akina mama wengi huona haya kuyaanza, wakidhani ugonjwa wa mtoto utatangazwa sokoni. Utatangazwa, ndiyo. Na siku sukari itakaposhuka na mtoto kuanguka pale kisimani, wa kwanza kukimbia na sukari mkononi atakuwa mtu aliyesikia.

Ndiyo maana nasisitiza nyumba mbili. Kichupa cha kwanza kwenye chungu nyumbani, cha pili kwingine: dukani, kwa mwalimu, kwa mjumbe wa afya wa kijiji, yule VHT. Moto ukishika turubai, mwizi akichukua mkoba, paka akirudia kosa lake, mtoto bado ana dawa. Pamoja na kichupa cha pili ziwekwe sirinji zake za yuniti 100, stripi chache za kupimia, sukari robo kilo, na karatasi. Karatasi hiyo iwe na jina la insulini kama lilivyo kwenye lebo, yuniti za asubuhi na za jioni, na simu ya kliniki. Akina mama walioingia Uganda mwaka 2022 kupitia kituo cha Nyakabande, wakiwakimbia waasi wa M23 huko Rutshuru, Kongo, wanajua kufunga mfuko wa kutorokea. Dawa ya mtoto huingia kwenye mfuko huo kabla ya sufuria.

Liko jambo moja ambalo linaiharibu akiba yoyote, nalo ni njaa. Mgao ukiisha kabla ya mwezi, mama hufikiri: hajala, basi nisimdunge, sukari itashuka afe. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa insulini ya kipimo kamili juu ya tumbo tupu humwangusha mtoto. Kuacha kabisa nako kunamrudisha kwenye zile ketoni, maana mwili unahitaji insulini kiasi hata usipokula, na mtoto mgonjwa anayetapika anaihitaji pengine kuliko siku zote. Kliniki iandike mapema kwenye daftari yuniti ngapi za siku ya njaa na ngapi za siku ya homa, ili mama asiamue gizani peke yake. Asiyeandikiwa aulize safari ijayo, asiondoke mpaka apate nambari.

Mengi ya haya mama anaweza. Kichupa cha pili hawezi kukiumba. Uganda imo tangu 2009 katika mpango wa kuwapa watoto insulini bure kupitia kliniki maalumu, na mwaka 2022 nchi za Afrika zilikubaliana mjini Lomé, Togo, kuleta tiba ya magonjwa kama kisukari cha watoto kwenye hospitali za wilaya. Hiyo ndiyo njia ya kudumu: siku dawa itakapopatikana Isingiro, safari ya Mbarara itakuwa ya uchunguzi, si ya kuokoa uhai. Hadi siku hiyo, umbali uhesabiwe kama sehemu ya ugonjwa. Mtoto anayeishi mtaa wa pili kutoka hospitali na mtoto wa Juru hawana kisukari kimoja.

Najua hofu iliyopo upande wa pili wa dirisha la dawa. Dawa ni chache, na anayezitoa ataulizwa zilikokwenda. Anahofia kichupa cha ziada kitauzwa mjini. Basi na ahesabu kwa vichupa vilivyotumika: mama arudishe kilichokwisha, aonyeshe tarehe aliyoandika, apewe kingine. Akiba hutolewa mara moja tu. Baada ya hapo kila mwezi ni kimoja kwa kimoja kama kawaida, na bohari haipotezi kitu zaidi ya kile kichupa cha kwanza cha ziada.

Ninaowaomba ni hao, wakuu wa kliniki za kisukari za Mbarara na wote wanaotia saini maombi ya dawa: mtoto yeyote atokaye Nakivale, siku ya kwanza anapoandikiwa insulini, aondoke na vichupa viwili.